Kamba Moja Hadi Naguru

Serikali ikikosa sukari ya kuwapa watu, huwatafutia kazi ya kufanya. Mwaka ule wa sabini na sita kadi za duka la serikali zilizoletwa mtaa wa Kamwokya, Kampala, zilikuwa mia na ishirini, na nyumba zilizozihitaji zilipita mia tatu. Mkuu wa mtaa hakuwa na ujasiri wa kuchagua nani apate na nani akose. Askari aliyewekwa ofisini kwake hakuwa na subira ya kupiga kura. Basi wakaamua watu wakimbie, na wakaliita jambo hilo shindano la afya.

Tangazo lilisomwa sokoni Jumatatu asubuhi kwa kipaza sauti kilichokoroma. Kila nyumba itoe watu wazima wawili wanaolala humo. Waanzie kisimani, wavuke bonde, wapande mlima Naguru kwa njia ya miguu, wagongwe muhuri mkononi kule kileleni, kisha warudi. Nyumba mia na ishirini za kwanza kurudi zitapata kadi: sukari, chumvi na sabuni kwa bei ya serikali, mwaka mzima. Wengine, magendo wanayajua yalipo. Na kwa kuwa mwaka uliotangulia kijana mmoja mwenye miguu mirefu alizikimbilia nyumba nne peke yake, safari hii kila wawili watashika kamba moja, urefu wake mikono minne, na atakayeiachia ametoka.

Ogwal alisikia yote hayo akiwa juu ya lori la idara ya barabara alilokuwa akiliendesha. Alikuwa mtu wa Lango, mrefu, mwenye sauti ya chini, na watu wa Lango, kabila la rais aliyepinduliwa, waliokuwa Kampala miaka ile walijifunza kutoingia ofisini bila kuitwa. Lakini mkewe Sauya alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, wiki ya tatu hiyo. Akaegesha lori, akavua kofia, akaingia.

"Mke wangu hawezi kukimbia," alimwambia karani. "Hata kwenda chooni anashika ukuta. Naomba nishike kamba na jirani."

Karani, kijana wa Kiganda mwenye tai nyembamba, alipekua daftari. "Nyumba yako imeandikwa watu wazima watatu, ssebo."

"Wa tatu ni mama wa mke wangu."

Karani aliinua macho, kisha akayarudisha kwenye daftari haraka. Alijua. Hakuna Muganda asiyejua kwamba mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani uso kwa uso. Kwao Ogwal, Lango, mwiko ni uleule, na ni mkali zaidi. Wazee husema anayeuvunja mikono itamtetemeka mpaka anakufa.

Askari alikuwa amekaa pembeni anachokoa meno. "Matata gani hapo?"

"Afande, anasema yule mwingine ni mama mkwe."

"Mama mkwe iko na miguu?"

"Iko, afande."

"Basi yeye nakimbia. Kama hapana taka sukari, nawacha."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Ogwal naye alicheka kidogo, maana mwenye bunduki akitania ni busara kucheka, kisha akavaa kofia yake akatoka. Alipofika kwenye lori alikaa muda mrefu bila kuliwasha, kwa hasira.

*

Jioni aligonga mara mbili debe la maji lililokuwa mlangoni kwake. Alifanya hivyo kila siku kabla ya kuingia, ili mama mkwe wake, Fatumah, apate nafasi ya kupita jikoni na kushusha pazia. Ilikuwa miezi mitano sasa tangu Fatumah ahamie kwao. Mumewe, Konstebo Sulaimani, alichukuliwa na watu wa usalama wenye miwani myeusi akiwa anakula, na wiki iliyofuata walirudi kumtoa mjane katika nyumba ya polisi kule Naguru. Mama kuhamia kwa mkwewe ni aibu isiyo na mfano, na Fatumah aliijua aibu hiyo kuliko mtu yeyote. Hakuwa na pengine. Basi aliishi jikoni, akapitia mlango wa nyuma, na ndani ya miezi hiyo Ogwal hakuwahi kuona zaidi ya visigino vyake.

Sauya alikuwa kitandani, mtoto Odur kifuani, ananyonya na kulia, ananyonya na kulia.

"Wamekataa," Sauya alisema, kabla hajaambiwa.

"Wamekataa."

"Uliwaambia nimepasuliwa?"

"Niliwaambia. Karani alielewa. Askari ndiye hakuelewa, au hakutaka."

Sauya alimtazama mtoto. Maziwa yalikuwa yanapungua. Muuguzi alimwambia anywe uji mzito wenye sukari mara tatu kwa siku, akasema maneno hayo bila kupepesa macho, kana kwamba sukari inachotwa kisimani. Kwa bei ya magendo mshahara wa Ogwal ungeisha kabla ya mwezi kufika nusu. "Nitakwenda mimi," Sauya alisema. Akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akasimama. Uso ukageuka rangi ya jivu, akakaa tena. Akaanza kulia kimyakimya, akimfuta mtoto machozi yaliyomdondokea.

"Sauya," sauti iliita nyuma ya pazia.

"Wangi, maama."

"Mwambie mume wako, hiyo kamba ndefu namna gani?"

Ogwal alikuwa hatua mbili kutoka kwenye pazia na masikio yake yalikuwa mazima. Lakini alingoja, maana ndivyo inavyotakiwa.

"Mama anauliza kamba ndefu namna gani."

"Mwambie mikono minne."

"Mikono minne, maama."

Kifuniko cha sufuria kikalia, kikatulia.

"Mwambie inatosha. Yeye atakuwa mbele, na asigeuke. Mimi nitakuwa nyuma."

Ogwal alirudi nyuma hatua moja. "Mwambie mlima ni mkali. Mwambie yeye ni mtu mzima, apumzike."

"Mwambie njaa haiulizi mtu umri," Fatumah alijibu, bila kumngoja Sauya. "Na mwambie lisilo budi hutendwa."

Usiku ule Ogwal aliona aibu mara mbili. Ya kwanza ni ya mwiko. Ya pili hakumwambia hata mkewe: alipiga hesabu kwamba bibi wa miaka hamsini na mitatu atamchelewesha, na kadi wataikosa.

*

Jumamosi asubuhi Kamwokya nzima ilikuwa kisimani. Wengine walivaa raba, wengine ndala za tairi, wengine walikuja miguu mitupu. Ogwal alifika kwanza, akapewa kamba ya katani, akashika ncha moja akatazama mbele. Fatumah alifika nyuma yake. Alikuwa amekaza gauni lake la busuuti kwa mshipi, na amejifunika kanga kichwani mpaka ikabaki pua. Aliinama, akaokota ncha ya pili.

Watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja muuza ndizi aliwageuza watoto wake uso wasione. Mtu fulani akasema, "Leo tutaona mengi," na hakuna aliyemkanya.

Aliyewaokoa ni Pélagie. Yeye na mumewe Zéphyrin walikuwa mafundi cherehani kutoka Bukavu, wamepanga chumba cha pili, ukuta mmoja na akina Ogwal. Mambo ya mkwe yaliwachekesha tangu siku ya kwanza. "Kwetu mama mukwe unamupikia, anakula, anakutukana, kisha analala," alisema Pélagie kwa sauti ya kusikika. "Ninyi hapa munakimbiana nyumbani, sasa munakuya kukimbia pamoja. Muzuri. Sisi tutakuwa kati."

Filimbi ikalia. Watu wakatimka kuvuka bonde, wakitumbukia kwenye matope ya mifereji ya magimbi, jozi zikigongana, kamba zikinaswa. Njia ilipoanza kupanda, Pélagie alijiweka katikati kama alivyoahidi.

"Pélagie, mwambie mama hapa pana utelezi," Ogwal alisema, macho mbele.

"Mama, mukwe wako anasema pana utelezi."

"Mwambie nauona. Mwambie asinivute, mimi si mbuzi."

"Anasema usimuvute, yeye si mbuzi."

"Mwambie anisamehe."

"Anasema umusamehe."

Zéphyrin alikuwa amevumilia vya kutosha. "Pélagie, tulikuya kukimbia ao kufasiri?" Akaivuta kamba yao, na Pélagie akaondoka akicheka, akipunga mkono nyuma. Wakatoweka kwenye kona.

Sasa wawili wale walibaki bila mjumbe. Mbele palikuwa na mawe yaliyolegea, na Ogwal hakujua afanye nini. Kumsemesha ni vibaya, kumwacha aanguke ni vibaya zaidi. Mwishowe alikohoa, akasema, "Wewe njia, mawe ya hapa yanacheza."

Nyuma hatua zikapungua kasi.

"Njia imesikia," Fatumah alisema.

Wakaendelea hivyo, wakimsemesha huyo njia asiye na kosa. Baada ya muda Fatumah alisema, "Njia, muulize kwa nini anakimbia kama aliyeiba. Mlima hupandwa kwa pumzi. Avute pumzi hatua mbili, aitoe hatua mbili." Ogwal alikuwa anahema, ubavu unamchoma. Alijaribu, akaona inafaa. Ndipo alipokumbuka kwamba mama huyu alikaa miaka kumi na tisa kule juu kwenye nyumba za polisi, na njia hii aliipanda kila siku na ndoo kichwani. Hesabu aliyoipiga ilikuwa ya kijinga.

Walipita mbele ya nyumba hizo. Kwenye ua wa ile iliyokuwa yake, ya tatu kutoka mwisho, palianikwa nguo za kijeshi na shuka za mtu mwingine. Kamba ilikaza mkononi mwa Ogwal, ikakaa hivyo kwa muda. Hakugeuka. Alisimama tu, akangoja, mpaka ilipolegea tena.

Kileleni mwenye muhuri aliwagonga wino wa zambarau nyuma ya viganja. "Sitini na moja," alisema. Zilibaki nafasi hamsini na tisa, na kuteremka ni rahisi kuliko kupanda. Ogwal alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza wiki nzima.

*

Waliteremka kwa mbio za wastani. Karibu na mahali watu wanapochimba murramu, udongo mwekundu wa kusakafia nyumba, Fatumah aliita, "Njia, simama. Mshipi umelegea."

Ogwal alisimama. Mama mkwe anafunga nguo nyuma yake, mikono minne tu. Kutotazama peke yake hakukutosha. Akageuza uso kwenye kichaka, akafumba na macho, na kwa heshima akasogea kando hatua moja, akasogea ya pili. Ya pili haikukuta ardhi. Alitumbukia kwenye shimo la murramu mpaka kifuani, na kifundo cha mguu kikalia wote wawili wakakisikia.

Kamba hakuiachia. Aliikunja mkononi, akajaribu kusimama, mguu ukakataa. Akajaribu tena, Fatumah akaivuta kamba kutoka juu, haikumwinua; akakaa chini, meno yameumana.

"Njia," alisema, "mwambie mama aite mwanamume yeyote."

Fatumah aliwaita waliokuwa wakiteremka. Jozi moja ikapita, ikasema pole, ikaenda. Ya pili ikapita bila pole. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani, na anayesimama anahesabiwa nyuma.

Fatumah alikaa ukingoni, kanga usoni, ncha ya kamba mkononi. Alikuwa anahesabu jozi zilizowapita, kwa sauti ya chini. Tano. Tisa. Kumi na sita. Ogwal shimoni aliisikia kila namba. Ilipofika ishirini na nane, hesabu ilikatika.

"Ogwal."

Hakuwahi kumtaja kwa jina. Ogwal alijifunika uso kwa mikono.

"Ogwal, mwanangu. Sisemi na njia sasa, nasema na wewe. Baba yake Sauya walimchukua na tonge mkononi. Nilikwenda kambi tatu kuomba maiti yake. Nikasema sitaki kesi, nataka kumwona azikwe tu. Wakanisukuma kwa kitako cha bunduki. Mikono hii mpaka leo haijamgusa." Alisogea karibu zaidi na ukingo. "Miezi mitano nakula chakula chako nyuma ya pazia. Hujaninung'unikia hata siku moja, nimesikiliza, pazia ni jepesi. Na leo wewe uko hai, uko hapa chini yangu, na mimi nakaa nahesabu watu. Hapana. Nimechoka kukosa watu kwa sababu mtu amesema usiguse. Nipe mkono."

"Mama, mikono itatutetemeka."

"Tangu wamchukue yangu inatetemeka kila usiku. Nani aliniambia dawa?"

"Watu watasema."

"Waseme. Watakuwa wanasema na sukari mdomoni, na mjukuu wangu analia. Nipe mkono, Ogwal."

Akampa. Kiganja chake kilikuwa kigumu na kikavu, chenye nguvu kuliko alivyotarajia. Fatumah alivuta, akapiga goti, akavuta tena, na mtu yule mrefu akatoka shimoni akiwa amejaa vumbi jekundu. Kanga ilianguka mabegani. Ogwal alimwona uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa Sauya mtupu, macho yaleyale, ila amechoka zaidi. Ogwal alitaka kutazama pembeni, na hakutazama. Badala yake alianza kulia, mtu mzima, dereva wa lori, hapo njiani.

"Utalia nyumbani," Fatumah alisema kwa upole. "Weka mkono begani. Siyo hivyo, weka uzito. Mimi nimebeba maji."

Wakateremka miguu mitatu. Pale penye utelezi alimwambia akae, ateremke kwa makalio, naye akatii. Kwenye bonde alitangulia yeye, akipima matope kwa mguu wake kwanza. Jozi ziliwapita, na kila iliyopita aliihesabu kwa sauti, bila hofu tena, kwa hasira tu: arobaini, arobaini na nne, hamsini na moja. Baada ya hiyo hakuna aliyewapita, kwa sababu Fatumah hakukubali.

*

Walipoingia uwanja wa kisima, makelele yalikatika. Mkono wa mkwe ulikuwa shingoni mwa mama mkwe, mkono wa mama mkwe ulikuwa kiunoni mwa mkwe, na kichwa cha mama kilikuwa wazi mbele ya watu. Bibi mmoja aligeuka akawapa mgongo. Muuza ndizi safari hii alisahau kuwageuza watoto wake.

Walijikokota mpaka mezani. Wakaweka kamba juu ya daftari, kila mmoja ameshika ncha yake mpaka mwisho.

Karani aliangalia kamba, akaangalia wino wa zambarau, akaangalia ile mikono ilipokuwa. Kalamu ilisimama.

"Nini sasa?" askari aliuliza. "Kamba iko. Watu mbili iko. Andika."

"Mia na kumi na mbili," karani alisema, akaandika. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwafanyia wengine. Alisimama, akainamisha kichwa, akamkabidhi Fatumah kadi kwa mikono miwili. "Pole na safari, maama," alisema, na ilionekana kwamba anaona haya kwa kazi yake.

Fatumah alishukuru, akaitia kadi kifuani ndani ya busuuti.

Zéphyrin na Pélagie, wenye kadi yao tayari, walikuja mbio. Zéphyrin alipiga magoti mbele ya Ogwal, mgongo umegeuzwa. "Mama, sasa umemaliza. Kamba wameitwaa, hakuna anayekulazimisha. Mulete, mimi nitamubeba mpaka nyumbani."

Watu waliotazama wakashusha pumzi. Lilikuwa neno jema, nalo lingewapa wote nafasi ya kusahau: mama angejifunika kanga, angepita njia ya nyuma, na ya mlimani yangebaki mlimani. Ogwal mwenyewe alianza kuutoa mkono wake begani, ili amrahisishie.

Fatumah aliukamata mkono huo akaurudisha mahali pake.

"Wacha, baba," alimwambia Zéphyrin. "Huyu ni wangu."

Akamkaza kiunoni, na wakaondoka, wakakata katikati ya soko, polepole, kwa ajili ya mguu.